Naambiwa ni aleji, nimeacha samaki na mayai lakini mgongo bado unawaka

Habari za kazi mwanangu daktari,

Mi ni mzee wa miaka 61, niko Tanga, mstaafu, zamani nlikua fundi mitambo. Nakuandikia kwa sababu nimechoka, yaani nimechoka kabisa, na mke wangu ndo kasema hebu mwandikie huyo wa ngozi umsikie anasemaje.

Ilianza mwezi wa kwanza. Bodaboda alinigonga nikavunjika mguu, nikalazwa wiki mbili alafu nikarudi nyumbani nikawa nalala chali tu mwezi mzima na ushee, na unajua mwezi wa pili huku pwani kaskazi ikivuma joto lake linavokua, godoro lenyewe wamelivalisha nailoni lisilowe, juu yake shuka, juu ya shuka mimi, jasho linatiririka mpaka ukijigeuza unasikia mgongo unabanduka. Wiki ya tatu hivi nikaanza kuwashwa. Kwanza mgongoni, alafu kifuani, alafu hapa tumboni chini ya mbavu. Vipele vidogo vigumu, ukipitisha kiganja kama unashika msasa, vingine vina ukoko juu, vingine kama vina maji kidogo ukikuna vinapasuka. Mke wangu akasema hiyo harara, akanipaka liwa, nikapoa siku mbili tatu. Sasa harara mi naijua tangu mtoto, joto likizidi inakuja, ukipoa inaondoka. Hii haikuondoka.

Duka la dawa la kwanza wakasema upele, wakanipa ile dawa nyeupe ya kupaka mwili mzima, nikapaka siku tatu, jamani ule moto sitausahau. Nikarudia tena na mke wangu naye akapaka japo yeye hawashwi hata kidogo. Hola. Duka la pili wakasema fangasi, wakanipa tyubu wanasema ina dawa tatu ndani yake, ile kwa kweli ilinituliza, wiki nzima nikalala, nikaacha vikarudi, nikanunua tena, nikaacha vikarudi, sa hivi niko tyubu ya saba. Na piritoni nameza asubuhi mchana na usiku, nasinzia mpaka barazani kwenye kahawa wenzangu wananigusa bega.

Sasa kuhusu hiyo aleji. Mi nina pumu tangu utotoni, na mafua ya vumbi, vumbi likitimka tu napiga chafya kumi mfululizo, na marehemu mama alikua anasema nilipokua mdogo nlikua na pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti. Nilipomweleza hivo mhudumu mmoja akasema basi mzee jibu ndo hilo, hii ni aleji ya chakula, acha samaki, mayai, karanga, nyanya, nyama nyekundu, maziwa na biringanya. Mtu wa Tanga unaambiwa acha samaki! Nimeacha tangu mwezi wa nne. Nakula ugali na mchicha, wali na maharage, basi. Nimepungua kilo 7, suruali nafunga na kamba, mke wangu akipika samaki wa kupaka kwa ajili ya wajukuu mi natoka nakaa nje nisisikie harufu. Na mgongo bado unawaka.

Mwezi uliopita kijana wangu akanipeleka hospitali kubwa, wakakata kinyama mgongoni wakapeleka maabara. Majibu yametoka, daktari foleni yake ilikua ndefu akaniambia tu mzee huu ni ugonjwa wa Grover, usiwe na wasiwasi, akaandika krimu. Kwenye karatasi kuna neno akantolisisi. Kijana akalitafuta kwenye simu, akakuta kitu kinaitwa pemfigasi, watu wamechubuka mwili mzima, akakuta na habari za kansa, tangu siku hiyo nyumbani hakuna raha. Tena picha za huo Grover zote ni wazungu wazee wana vidoa vyekundu, mi vyangu vya kahawia, vingine kama majivu, vikipona vinaacha madoa meusi, sasa najiuliza au wamenipa majibu ya mtu mwingine.

Naomba unijibu mwanangu. Hii ni aleji au si aleji? Nile nini? Na inaambukiza? Maana mkwe wangu kamkataza mjukuu kunipanda mgongoni na mi sijamlaumu, ni mama anaogopa. Usiku ndo balaa, najisugua kwenye mwimo wa mlango mpaka mke wangu anaamka anachukua gunzi la muhindi ananikuna, saa nane usiku tumekaa hivo, wazee wawili, yeye anakuna huku anamuomba Mungu.

Wasalaam,
Mzee wa Tanga

—

Shikamoo mzee wangu, na umfikishie mama shikamoo yake. Poleni sana nyote wawili. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile habari ya gunzi la muhindi saa nane usiku imenikaa moyoni, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu na wewe isome pole pole, ikiwezekana kijana akusomee.

Nianze na la chakula kabla sijafika popote. Mzee wangu, kula samaki. Leo. Kula mayai, kula nyanya, kunywa maziwa, mwili wako umetoka kuvunjika mfupa unataka protini na kalsiamu na wewe umeufungia mlango miezi mitatu. Ugonjwa wa Grover hauletwi na chakula na wala haupoi kwa kuacha chakula. Aleji ya chakula ya kweli ina sura yake, mtu anakula pweza au karanga na ndani ya dakika chache, mara nyingi haizidi saa mbili, midomo inavimba, mwili unatoka mabaka ya kuvimba yanayohama hama, anatapika au anabanwa kifua. Haiji polepole wiki ya tatu ya kulala chali ikakaa miezi sita palepale mgongoni. Wewe umekula samaki miaka 58 na zaidi bila shida, na hata ulipoacha hakuna kilichobadilika, huo ni ushahidi tosha. Hii orodha ya "acha hiki acha kile" naiona kila wiki na inanikera sana kwa sababu anayeitoa haimgharimu kitu, anayelala njaa ni mgonjwa. Na usikubali kupimwa damu ya "aleji 40 za vyakula" ukaambiwa ndo suluhisho, mtu mwenye pumu na mafua ya vumbi kama wewe kipimo kile kinaweza kuonyesha alama kwenye vyakula ambavyo unakula kila siku na havikudhuru chochote, alafu utaongezewa orodha nyingine.

Sasa ugonjwa wenyewe. Jina limetokana na daktari wa ngozi wa Marekani, Ralph Grover, aliyeueleza mwaka 1970. Yeye aliuita wa kupita, maana aliona unakuja na kuondoka, ila wengine unawakalia miezi na wengine miaka, unalala unaamka. Unawapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na unapenda kifua, mgongo na tumbo, yaani pale pale ulipotaja wewe. Na vitu vinavyouamsha vinajulikana: joto, jasho, jua, homa, na kulala kitandani muda mrefu. Mzee, ukisoma barua yako mwenyewe utaona umeeleza kila kitu, godoro la nailoni, mwezi wa pili, chali wiki tano. Wagonjwa waliolazwa muda mrefu ni kundi ambalo madaktari wanaliangalia kabisa kwa ugonjwa huu. Mama hakukosea sana aliposema harara, chanzo kinafanana, ila harara ni vijitundu vya jasho kuziba na mtu akipoa siku chache imekwisha, hii imeenda hatua ya pili.

Hilo neno akantolisisi lililowatisha nitakueleza kwa mkeka. Mkeka unasukwa ukili mrefu mwembamba alafu ukili unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka unakua mpana. Ngozi yako ya juu ni hivo hivo, seli zimeshikana kwa mishono midogo midogo. Akantolisisi maana yake mishono imelegea, seli zimeachana, pakabaki kiuwazi ndani ya ngozi. Neno linasema tu kilichoonekana kwenye darubini, halisemi nani kakata uzi. Kwenye pemfigasi ni kinga ya mwili yenyewe inayotengeneza silaha za kushambulia ile mishono, kwa hiyo inaachia eneo kubwa, malengelenge yanachubuka, na mara nyingi vidonda vinaanza mdomoni mtu anashindwa hata kumeza chai. Kwenye Grover mishono inalegea kwenye vidoa vidogo vidogo tu, hapa na pale, na ile silaha ya kinga ukiitafuta huikuti. Kuna kipimo cha kuthibitisha, kinaitwa imunofluresensi, kinyama kingine kinawekwa kwenye maji maalum kinaangaliwa kwa mwanga maalum, kwa pemfigasi kinawaka, kwa Grover hakiwaki. Sijui kama kwako kilifanyika, muulize daktari. Kama mdomoni huna kidonda na huna malengelenge makubwa ya kuchubuka, mi sina sababu ya kukutia hofu. Na siyo kansa, haigeuki kuwa kansa. Kijana kakutana na neno kansa kwa sababu watu wanaoumwa vitu vingine vizito, wamelala, wana homa, wanatumia dawa kali, nao wanapata Grover, na hata baadhi ya dawa za kutibu kansa zinaweza kuuleta. Kama kuna dawa yoyote ulianza karibu na mwezi wa kwanza, hata ya mifupa, hata SP ya malaria kwa sababu nayo imewahi kutajwa, iandike umwonyeshe daktari, usiiache kwa kukisia tu.

Na picha za wazungu. Ni kweli ugonjwa umeandikwa zaidi kwa watu weupe, na vitabu vinasema "vidoa vyekundu" kana kwamba kila ngozi inakua nyekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu haujionyeshi hivo, unaona kahawia, zambarau, au rangi ya majivu, na doa jeusi linabaki miezi baada ya kipele kupona. Majibu ni yako mzee. Hilo doa jeusi baya kulitazama lakini siyo ugonjwa, litafifia lenyewe, usilipake kitu cha kung'arisha.

Haya, swali lako kubwa, ni aleji au si aleji. Jibu langu ni kwamba aleji ni jirani wa huu ugonjwa, wanaishi ukuta mmoja na wanapiga hodi kwa kila mmoja, lakini aleji haijauzaa. Mwaka 1984 Grover mwenyewe na mwenzake Rosenbaum waliandika tena wakionyesha kwamba huu ugonjwa unaonekana pamoja na magonjwa mengine ya ngozi, na waliyoyataja ni pumu ya ngozi, ukurutu wa ngozi kavu, na aleji ya ngozi inayotokana na kugusa kitu. Kwa hiyo historia uliyonipa ya utotoni, mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti, ina maana kabisa na hongera kwa kuikumbuka, madaktari wengi hawapati hata nafasi ya kuiuliza. Ngozi ya mtu aliyezaliwa na mwili wa aleji ina tabia ya kuvuja, maji yanatoka, vya nje vinaingia, inakauka upesi na inawashwa upesi. Ukiiweka ngozi hiyo juu ya nailoni wiki tano ikaloweka kwenye jasho, haina ustahimilivu wa ngozi ya mwenzako. Hata kwenye darubini hawa wawili wanaingiliana, Grover ana sura nne hivi anazojitokeza nazo, na moja wapo ina maji yametuama katikati ya seli, alama ile ile tunayoiona kwenye pumu ya ngozi.

Kuna jambo lingine hapa ambalo mimi binafsi linanivutia sana. Mwili wa aleji una ujumbe wa kemikali unaoitwa interlukini-4, ndo kama tarishi anayepita kuamsha pumu, mafua na pumu ya ngozi. Miaka ya 1990 huko Marekani kuna wagonjwa walichomwa interlukini-4 kama matibabu ya majaribio, wakatoka Grover. Upande wa pili, kuna sindano inaitwa dupilumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa pumu ya ngozi, inayomziba masikio yule anayepokea ujumbe wa interlukini-4 na ndugu yake wa 13, na kuna taarifa za wagonjwa mmoja mmoja wa Grover sugu waliopona kwa hiyo sindano. Ukiongeza ujumbe ugonjwa unatoka, ukiuziba ugonjwa unaondoka. Ni taarifa chache, siwezi kukwambia ni sheria, na sindano yenyewe bei yake ni ya kutisha kwa hiyo usiende kuuza shamba, nakueleza tu ujue kwamba ulivohisi kuna uhusiano hukukosea. Ulichokoseshwa ni mahali pa kuitafuta aleji. Wamekupeleka kwenye sahani, wakati mahali pa kutafuta ni kwenye ngozi yenyewe, vitu vinavyoigusa.

Hebu tuvihesabu. Umepaka liwa. Umepaka ile dawa nyeupe ya upele mara mbili, ile inaunguza hata ngozi nzima sembuse iliyokwisha kuharibika, na huo wako haukuwa upele, upele ungekuwa katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono na mama angewashwa na wajukuu wangewashwa. Umepaka tyubu saba zenye dawa tatu. Naamini unaogea sabuni ya dawa yenye harufu kali maana kila mtu mwenye vipele anaipewa. Na nyinyi watu wa pwani shuka na kanzu zinafukizwa udi na kunyunyiziwa marashi, jambo zuri kabisa, ila manukato ni katika vitu vinavyoongoza kuleta aleji ya kugusa duniani. Hata dawa inaweza. Ndani ya hizo tyubu tatu kwa moja kuna antibayotiki ya jamii ya neomaisini au jentamaisini, na hizo zinajulikana kwa kuamsha aleji kwa mtu anayezipaka kila siku kwenye ngozi iliyochubuka. Yaani mtu anapaka dawa ya kuwashwa na dawa yenyewe inamwasha, anadhani ugonjwa umerudi anaongeza dawa.

Tyubu hiyo iache mzee. Ilikutuliza kwa sababu ndani yake kuna steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe na mwasho wa ngozi, na steroidi ndo tiba ya kweli ya Grover, tatizo ni zile mbili zilizopakiwa nayo na jinsi ulivyoitumia bila mtu wa kukuangalia. Ukiacha ghafla baada ya tyubu saba siku za mwanzo mwasho unaweza kupanda, usishtuke, ndo maana yule daktari wa hospitali kakuandikia krimu, hiyo ndo ushike. Mwonyeshe hizo tyubu za zamani mkononi kabisa ajue ulipotoka. Kwa kawaida krimu ya steroidi ya Grover inapakwa kwenye vipele tu mara moja au mbili kwa siku, wiki mbili hivi, alafu unapumzika au unashuka kwenye nyepesi zaidi, usoni na kinenani haiendi. Asitokee mtu wa kukupa ya klobetasoli, steroidi kali sana, sokoni kwenye kopo lisilo na jina, zile ndo wanazochanganyia mkorogo, utachubuka ngozi ibaki kama karatasi.

Piritoni nayo naomba ipungue. Mwasho wa Grover hauongozwi sana na histamini, ile kemikali ya mwili ambayo piritoni inaizuia, kwa hiyo hiyo dawa inachokupa zaidi ni usingizi, na kwa mwanaume wa umri wako inaweza kubana mkojo kama tezi dume imeanza kukua, na usingizi wa mchana na mguu uliovunjika juzi havikai pamoja, ukianguka tena tutarudi kule kule kwenye godoro la nailoni. Ongea na daktari, kama unahitaji kitu anaweza kukupa setirizini ambayo haileweshi hivo, au akasema ya usiku tu. Ila dawa zako za pumu, ile ya kuvuta, usiguse, endelea nazo kama kawaida.

Sasa cha kufanya nyumbani, na hapa ndo kazi ipo hasa, mama anisikilize. Nailoni itoke kwenye godoro leo, unatembea sasa huihitaji. Shuka iwe ya pamba, nguo ya kulalia iwe kikoi na kifua wazi, feni ipige ubavuni. Oga maji ya kawaida yasiyo moto, dakika tano kumi, bila dodoki, bila jiwe, sabuni isiyo na harufu na hata hiyo uitumie kwapani na chini tu, mgongo maji yanatosha. Ukitoka usijifute kwa kusugua, gusa gusa na taulo, ngozi ikiwa bado na unyevu upake krimu nyepesi isiyo na manukato. Mafuta ya mgando mazito mchana wa joto mi siyapendi kwa Grover huku pwani, yanaziba jasho, hifadhi kwa miguu na viwiko. Liwa pumzisha kidogo, na majani ya mwarobaini pia, siyo kwamba ni mabaya, ni kwamba tunataka ngozi iguswe na vitu vichache tujue nani mchawi. Udi fukiza sebuleni, shuka zako ziruke.

Na gunzi. Mama, gunzi nakuomba liende jikoni kuwashia moto. Kukuna kunapasua vipele, kunaingiza vijidudu, na ngozi iliyokunwa inawashwa zaidi kesho yake. Mzee akiamka saa nane, chukua kanga ya zamani iliyofuliwa ikalainika, chovya kwenye maji ya mtungi yaliyopoa, ikamue isidondoshe, mtandike mgongoni, feni ipige juu yake dakika kumi, kumi na tano, alafu krimu. Ubaridi unazima mwasho kwa njia ambayo kucha haziwezi. Ni kazi ile ile uliyokua unaifanya mama, unakaa naye pale pale, unaomba vile vile, umebadilisha kifaa tu.

Kusi ikianza kupoa mwilini unaweza kuona nafuu, ila hata ubaridi mkavu unaweza kuirudisha kwa wengine kwa hiyo krimu usiiache ukidhani umepona. Mchana epuka jua la saa sita kifua wazi. Kaskazi ijayo anza mapema, mwezi wa kumi na mbili usisubiri vipele.

Kama krimu na ubaridi havijafanya kitu baada ya wiki sita nane, rudi, kuna hatua nyingine. Kuna vidonge vya jamii ya vitamini A, asitretini, vinavyofanya kazi kwa Grover sugu lakini vinahitaji kupima ini na mafuta ya damu. Kuna mwanga wa tiba, japo mwanzoni unaweza kuchochea. Prednisoni, yaani steroidi ya vidonge, inakausha vizuri alafu ukiacha vinarudi kwa hasira, na inapandisha sukari na presha, usikubali kupewa kiholela dukani. Na ndipo pia pa kuuliza kuhusu kipimo cha aleji ya kugusa, vile vibandiko vinavyowekwa mgongoni siku mbili vikabanduliwa na kusomwa, na vikasomwa tena siku ya nne. Hicho ndicho kipimo cha aleji chenye maana kwako kuliko cha vyakula. Ila hakifanyiki mgongo ukiwa umejaa vipele au umepakwa steroidi, lazima kwanza upoe, kwa hiyo akitokea mtu anataka kukubandika kesho, kataa kwa heshima. Huna haja ya kukimbilia Dar kwanza. Pale hospitali ya rufaa ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya ngozi tangu 1992 na maafisa wa ngozi waliosomea pale wametawanyika kwenye hospitali nyingi, ulizia hospitali ya mkoa kama wanaye na kliniki yake ni siku gani.

Usisubiri hizo wiki sita ukiona vidonda mdomoni, malengelenge makubwa, usaha, homa, au vipele vinaenda mbio. Siku hiyo hiyo nenda.

Kuhusu kuambukiza, hapana. Haiambukizi kwa kugusana, kwa shuka, kwa taulo, kwa kulala pamoja, kwa jasho. Mwambie mkwe kwa upole, msomee hapa kama anataka, hakukosea kuogopa. Mjukuu apande mgongoni, mradi tu asikuparue vipele, na daktari wa mguu awe amesema mguu unabeba. Na ukienda kliniki beba ile karatasi ya maabara, tyubu zote hata zilizokwisha, sabuni unayoogea na chupa ya marashi, vyote kwenye mfuko mmoja, na kijana apige picha ya mgongo mchana kwenye mwanga wa dirisha, mara moja kila wiki, maana siku ya foleni unaweza kukuta umepoa na daktari asione kitu.